Nilimnyima Hilal kipindi cha pili

Mimi ni mnafiki. Naanzia hapo hapo ili nisikupotezeeni wakati, maana najua wapo watakaosoma mistari miwili na kuanza kutafuta wa kumtupia lawama. Msihangaike, ni mimi! Majina nimeyabadilisha yote, na msidhani nimefanya hivyo kuwastahi watu. Najificha. Hata kuungama naungama nimejifunika uso, basi mjue mnamsoma mtu wa aina gani.

Naishi Sib, hapa Maskati. Wazee wangu walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani tunasema Kiswahili na kazini Kiarabu. Mchana nasimamia ghala la vigae huko Rusayl, na jioni nilikuwa kocha wa timu ya mtaa wetu. Nimesema nilikuwa. Nina wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, na kutoka nyumba hii hadi ile unafika kwa miguu kabla ya chai kupoa.

Sasa sikilizeni kibri. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisifiwa kuwa fundi wa kugawa. Siku za mke huyu na siku za mke yule, sawa. Mfuko wa mchele huku, mfuko wa mchele kule. Nikinunua udi, nanunua mara mbili, wa bei moja. Pale kibandani tunapokunywa karaki, chai ya maziwa na iliki, wanaume wenye mke mmoja na ugomvi wa wanne walikuwa wakinitaja kwa mfano: "Nendeni mkasome kwa yule!" Na mimi hukohoa kidogo, nikavuta kofia mbele, nikajifanya sikusikia. Bwege mkubwa! Nilikuwa nakwenda pale kwa ajili ya kusikia hilo tu.

Tuje kwenye mpira. Timu yangu ilicheza na mshambuliaji mmoja mbele, na nilikuwa na vijana wawili wa nafasi hiyo, wote wawili wazuri. Wa kwanza ni Hilal, mtoto wa mke wangu mkubwa, Bi Zuwena. Si mwanangu wa kumzaa, ni wa mume wake wa kwanza, marehemu Said, lakini nimemlea tangu yuko skuli ya msingi na ananiita Ami. Wa pili ni Nasri, mdogo wake mke wangu mdogo, Rahma.

Mmeiona balaa? Kila nyumba ina mshambuliaji wake! Akifunga Hilal peke yake, kwa Bi Zuwena nakuta wali wa zabibu, na kwa Rahma nakuta mkate na chai ya rangi. Akifunga Nasri, mambo yanageuka. Kocha gani mwengine duniani chakula chake cha usiku kinategemea nani amefunga?

Basi mimi, fundi wa kugawa, nikatoa hukumu. Nusu kwa nusu. Nasri anaanza, Hilal anaingia kipindi cha pili. Hakuna cha nani amefunga mangapi, hakuna cha nani yuko na moto leo. Kipenga cha mapumziko kikilia, mmoja anatoka, mmoja anaingia. Watu wakanambia, "Kocha, wapange wote wawili, winga mmoja umpumzishe, utaona maajabu." Nikawadharau. Niliwajibu kwamba mimi ndiye kocha na wao ni wanywa chai, na wanywa chai wenyewe wakacheka, wakasema kweli, kocha ana msimamo. Msimamo! Watu wale ukiwapa kikombe cha pili watakusifu hata ukicheza bila ya kipa.

Tena nikubali jambo moja, kwa bahati mpangilio ule ulikuwa mzuri. Nasri ni mbio. Anaanza mchezo kwa kasi, mabeki wanamkimbiza huku na huku mpaka ndimi ziko nje. Hilal hana mbio hizo. Yeye anachelewa kupata moto, anaangalia, anapima beki gani mguu wake mzito, beki gani anageuka kwa upande mmoja tu. Ukimleta kipindi cha pili, mabeki wameshachoka na yeye ni mzima, anawapita kama anakwenda dukani. Mmoja anawachosha, mmoja anawamaliza. Msimu mzima wa baridi tulicheza hivyo, na tukafika fainali ya mabingwa wa mitaa.

Sifa zote nikachukua mimi, bila shaka.

Sasa mjue kilichokuwa kinamuhusu Hilal katika fainali ile. Kijana alikuwa amemaliza masomo, kazi hana, na ndoto yake ilikuwa moja tu tangu mdogo: kuingia klabu kubwa, kikosi cha vijana. Na umri wa kikosi cha vijana ulikuwa unamwishia mwaka huo huo. Akikosa msimu huu, amekosa maisha. Mama yake alikuwa akilijua hilo kuliko sisi sote. Nilikuwa nikimsikia baada ya sala anamtaja Hilal katika dua zake mpaka mimi nashikwa na usingizi. Said naye aliitaka klabu ile ile ujana wake, akafariki kabla. Kwa mama, mtoto akiingia ni kama wameingia wote wawili.

Ijumaa ya kabla ya fainali, katibu wa timu yetu, Khamis, akanivuta pembeni nje ya msikiti. Khamis ni mtu wa maneno machache na uso wa kununa, lakini siku hiyo alikuwa anatabasamu mpaka nikahofia.

"Bwana, nimempata yule mtu wa klabu," akasema. "Anakuja fainali kumuangalia Hilal. Nafasi wameibakisha moja ya mshambuliaji, na jina analipeleka kesho yake asubuhi."

"Mashaallah!" nikasema.

"Ila yeye anatoka kazini Matrah, na njia unaijua ilivyo wakati ule. Kipindi cha kwanza hawahi. Ataingia cha pili."

"Si neno. Hilal mwenyewe si anacheza cha pili?"

"Ndio hapo! Mungu ashapanga. Lakini usiwaambie vijana, watapaniki, miguu iwatetemeke. Tujue mimi na wewe tu."

Tujue mimi na yeye tu. Mtu akikwambia neno kama hilo, anakupa amana. Mimi nilipewa amana pale mlangoni mwa msikiti, na viatu sijavaa bado!

Nikaenda kwa Rahma, ilikuwa siku yake. Na ulimi wangu haukutulia, nikamwambia, kwa kujisifu, kwamba kijana wangu anakuja kutazamwa na watu wakubwa. Rahma alikuwa anakata kucha. Hakuinua uso.

"Na Nasri je? Yeye hana miguu?"

Basi, hakusema zaidi. Akamaliza kucha, akawasha televisheni. Ningeweza kukwambieni kuwa huyo ndiye aliyenipotosha, na wanaume wengi mngeniamini, mngetikisa vichwa mkasema ah, wanawake! Msiniamini. Rahma aliuliza swali moja ambalo dada yeyote angeliuliza. Uchafu ulikuwa wangu, na ulikuwemo zamani.

Uchafu wenyewe ni huu. Nilipokuwa kijana, mimi na Said tulicheza timu moja, nafasi moja. Said alikuwa namba tisa na mimi nilikuwa mtu wa kuingia dakika za mwisho, mchezo ukishaamuliwa, watu wakishaanza kuwasha magari waende zao. Miaka yote ile! Said hakunifanyia ubaya hata siku moja. Alikuwa akitoka uwanjani ananipa mkono, ananambia, "Haya, wako sasa," kwa roho safi. Nami nikimchukia kwa hiyo roho safi yake. Kisha akafariki kwa ajali ya gari, na baada ya muda nikamuoa mjane wake. Nikadhani nimeshinda.

Lakini kila Hilal akifunga goli, wazee wa pembeni mwa kiwanja hawasemi Hilal. Wanapiga kelele, "Mwana wa Said! Mwana wa Said huyo!" Mimi niliyemlisha, niliyemnunulia viatu, niliyemfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto, nasimama pale na kipenga shingoni nasikiliza jina la mtu aliyelala kaburini. Namhusudu maiti, jamani! Kuna mtu duni kuliko huyo?

Basi siku ya fainali, Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, vijana wamekaa wanafunga kamba za viatu, mimi nikasimama mbele yao na sauti yangu ya khatibu.

"Leo tunabadilisha. Msimu mzima Nasri ameanza na Hilal amengoja. Si haki. Siku kubwa kama hii, Hilal ataanza, na Nasri ataingia kipindi cha pili."

Na wapumbavu wale wakapiga makofi! Ndiyo, walipiga makofi, kocha kaona haki hata siku ya fainali. Hakupiga makofi Khamis, kwa sababu alikuwa nje anahangaika na maji na barafu.

Hilal akanisogelea. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya wenzake, akasema kwa sauti ya chini.

"Ami, mimi kipindi cha kwanza huwa bado sijapata moto. Nasri ndiye anayejua kuwachosha. Kwa nini leo?"

"Hilal, haki ni haki."

"Nnajua, Ami. Lakini timu..."

"Timu niachie mimi."

Akainamisha kichwa, akaenda. Yule ndiye mtoto aliyelelewa na mama yake. Mtu aliyelelewa na mimi angelinitukana.

Mchezo ukaanza. Khamis alipomuona Hilal anaanza, alidhani nimempa vipindi vyote viwili. Uwanja umejaa, magari yamezunguka pande zote, watu wamekaa juu ya maboneti na vikombe vyao vya karaki. Hilal alikuwa vile vile kama alivyosema, baridi. Mabeki wazima, wakali, hawajakimbizwa na mtu. Wakamfungia njia zote. Mpira wa kwanza wakamnyang'anya, wa pili akaanguka, wa tatu akapiga nje. Nikaona watu wanatikisa vichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nikaona raha kidogo.

Kisha akaanza kupata moto. Nilimuona, maana namjua tangu mdogo. Mabega yakashuka, akaacha kukimbia ovyo, akawa anatembea karibu na yule beki mnene wa kulia kama wanazungumza. Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza akaletewa mpira wa chini, akamwacha beki amesimama, akamchungulia kipa, akaugonga kwa kushoto. Goli! Ule mguu wa kushoto niliomfundisha mimi. Na uwanja mzima, kwa pamoja, "Mwana wa Said!"

Kipenga cha mapumziko kikalia. Hilal anakuja huku amelowa jasho na uso unang'aa, sasa ndiyo yuko tayari. Hata kipofu angejua kuwa kipindi cha pili ni chake. Na wakati ule ule nikaona gari jeupe linaingia, Khamis anakimbia kulipokea, na bwana mmoja wa makamo mwenye miwani anashuka. Khamis akamtafutia kiti, kisha akarudi nje kupanga magari.

Nasri alikuwa anajinyoosha pembeni. Akamtazama Hilal, akanitazama mimi, mara akakaa chini na kushika paja.

"Kocha, mguu umekaza. Siwezi. Mwache Hilal aendelee."

Nasri hajui kusema uongo. Paja lenyewe alilolishika si lile alilokuwa analikanda. Kijana wa watu hakujua habari ya mtu wa klabu, hakujua lolote. Aliona tu kwa macho yake kwamba mwenzake ana moto na yeye hana, akataka kumpisha. Mtoto mdogo kuliko wote pale ndiye aliyekuwa na akili ya mpira na utu kwa pamoja!

"Simama ucheze," nikamwambia.

"Shemeji, wallahi mguu..."

"Nasri, simama!"

Akasimama. Hilal akavua viatu, akakaa benchi, akajifunika taulo kichwani.

Kipindi cha pili sitaki hata kukielezea. Nasri alicheza kama mtu aliyetumwa dukani bila ya kupenda. Mabeki hawakuwa wamechoka, mbio zake zikaishia kwenye miguu yao. Wakasawazisha, kisha wakaongeza. Tukafungwa mawili kwa moja. Wanywa chai wangu wakaanza kuondoka kabla ya kipenga, wanapiga honi, na mmoja akanipungia mkono kwa kejeli. Jana yake alikuwa akiniita mwalimu.

Nikadhani aibu imeishia hapo. Kumbe bado! Yule bwana wa klabu akaja na Khamis mpaka pale tulipokuwa tunakusanya mipira, akauliza kwa Kiarabu, kwa adabu kabisa.

"Yule kijana wa kipindi cha pili mliyenisifia, ndiye huyu niliyemuona?"

"Hapana," akasema Khamis. "Yule leo amecheza cha kwanza. Ndiye aliyefunga."

"Sikumuona."

"Basi mchukue mazoezini, umtazame kesho..."

"Jina nalipeleka kesho asubuhi, ndugu yangu. Siwezi kumpeleka mtu ambaye sikumuona. Na huyu wa pili, kwa kweli, bado." Akatuaga mmoja mmoja, akampa mkono hata Nasri, akaenda zake. Kwa hiyo nimemnyima mmoja na sikumpa mwengine. Hata wizi wenyewe sikuujua!

Khamis akanigeukia, na safari hii uso wake wa kununa ulikuwa na haki yake.

"Bwana, si nilikwambia? Si nilikwambia mlangoni mwa msikiti kwamba mtu huyu anawahi kipindi cha pili tu? Kwa nini umebadilisha?"

Hilal alikuwa amesimama nyuma yake na viatu mkononi.

Sikumuona mapema. Nilipomuona alikuwa ameshasikia yote. Akanitazama, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemsahau.

"Ami, ulikuwa unajua?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nafasi ya mwisho. Ningesema nilijua, nisamehe, shetani amenipitia, lolote! Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Umecheza nusu yako, Hilal."

Haya ndiyo maneno yaliyotoka katika mdomo huu unaosoma Kurani. Umecheza nusu yako! Nasri akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka chini miguuni pangu, akamshika Hilal mkono wakaondoka pamoja.

Siku zilizofuata zilikuwa za Rahma, na mimi nikajificha kwake. Nasri hakuja. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikwenda nyumbani kwa Bi Zuwena, akakaa sebuleni, akamuomba radhi kwa kosa asilolifanya, na akamueleza yote aliyoyasikia kwa Khamis. Hilal mwenyewe hakumwambia mama yake kitu. Alimwambia tu kuwa mtu wa klabu hakupendezwa naye. Alinisitiri! Baada ya yote yale, alinisitiri.

Jumapili ikawa siku ya Bi Zuwena. Nikatoka kazini Rusayl, nikaingia na uso wa mtu asiyejua kitu, na mfuko wa maembe mkononi. Alikuwa amekaa karibu na dirisha anashona kofia, maana anashona kofia nzuri watu wanamwekea oda. Akaitikia salamu. Hakuacha kushona.

"Nikuulize neno moja, bwana," akasema. "Said alikukosea nini, hata umlipize mwanawe?"

Nikaanza kigugumizi. Nikasema mambo ya mfumo, ya mabeki, ya zamu. Akaningoja mpaka nikamaliza upuuzi wangu wote.

"Zamu," akasema. "Hebu tuizungumze hiyo zamu. Mimi na Rahma siku zetu zi sawa, sijapata kulalamika, na kila mtu anakusifu. Lakini mimi nnakupata mwanzo wa wiki. Unatoka kazini, unakwenda mazoezini, unakuja hapa umechoka, unakula macho yamefumba, unalala. Asubuhi huyoo. Rahma anakupata Alkhamisi na Ijumaa. Umeoga, umejifukiza, kazi huna, mazoezi huna, unacheka. Mnakwenda pwani mnakula mishkaki, watu wananihadithia."

"Zuwena, ratiba ya kazi ndiyo iliyo..."

"Nilikuwa nnasema hivyo hivyo! Miaka yote nnajiambia ni ratiba, ni bahati yangu tu imeangukia pabaya. Sasa nimekuona kwa Hilal. Wewe huangushi kitu pabaya kwa bahati. Unajua saa ipi ina mtu na saa ipi haina, ndio kwanza unagawa."

Na mnajua nini kibaya zaidi, enyi mnaosoma? Ni kweli! Nilipomuoa Rahma nilikaa na kalamu ya kichwa changu nikapanga siku zile kwa makusudi, siku za uchovu huku, siku za raha kule, idadi sawa ili pasiwe na wa kuuliza. Nilijua. Nilijua siku ile, na nilijua kila Jumapili niliyosinzia juu ya sahani yake.

"Basi mimi zamu zangu nimempa mwenzangu," akasema Bi Zuwena. "Zote. Kisheria nnaruhusiwa, na nimeridhia. Chakula utakikuta, mlango siufungi. Lakini kulala hapa, khalas."

Nikamwambia nitabadilisha siku, atachukua Alkhamisi, atachukua Ijumaa, atachukua atakazo. Akakata uzi kwa meno.

"Sitaki siku. Nilitaka mwanangu aonekane mara moja."

Nikarudi kwa Rahma na begi langu la nguo. Mnadhani alifurahi? Akasimama mlangoni, akalitazama begi. "Wiki nzima? Mimi sikuolewa na mtu wa wiki nzima!" Kisha akaniuliza habari, na nilipomueleza, akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwake. "Nilikuuliza kama Nasri hana miguu. Sikukwambia umkate Hilal yake." Tangu siku ile analala na mlango wa chumba chake umefungwa, na mimi niko sebuleni na televisheni. Siku sawa kwa wote sasa, hakuna anayenitaka siku yoyote.

Timu ilinitoa bila ya kelele. Wanywa chai wale wale walioniita mwalimu walipitisha uamuzi kabla ya kikombe cha kwanza kwisha, na sasa wanasema walijua tangu zamani. Waongo! Lakini nani mimi wa kumwita mtu muongo.

Hilal alipata kazi ya kuendesha malori huko Duqm, mbali na kila kitu. Umri wa klabu umeshampita. Asubuhi aliyoondoka nilikwenda kumuaga, nikasimama uani kama mgeni. Akatoka na mkoba, akambusu mama yake kichwani, akaja kwangu, akanipa mkono kwa adabu zote.

"Haya, Ustadhi," akasema. "Tuonane kheri."

Ustadhi! Ndivyo anavyoitwa hapa mtu yeyote usiyemjua. Kama anamuaga dereva wa teksi, kama anamuaga mtu wa benki. Miaka yote nilikuwa Ami, na hakuna mtu aliyemlazimisha aniite hivyo, aliniita mwenyewe siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile. Nilisubiri mpaka gari limepotea, nikifikiri labda atageuka. Hakugeuka. Mama yake akaingia ndani, hakunifukuza wala hakunikaribisha.

Basi nakwambieni, nyinyi mnaopenda kusifiwa kwa haki: makocha, waume, wakubwa wa kazi, akina baba wenye watoto wawili. Msinionyeshe saa zenu. Mimi nilikuwa na saa nzuri kuliko zenu nyote, na hesabu yangu ilitimia mpaka dakika. Mtu anaweza kuiba huku anagawa nusu kwa nusu, tena akapigiwa makofi!

Na kama uko nawe mwenye mtoto wa mtu mikononi mwako, na moyoni unamhusudu baba yake aliyekwisha kufa, usijipe moyo kwamba utajizuia. Hutajizuia. Mwite leo umwambie atafute kocha mwengine, umpe na nauli. Utakuwa umemtendea haki kuliko niliyomtendea mimi.